Radi Iliyonipita

Jumanne, 4 Novemba
Mzee Sabino, mganga wetu, amezikwa. Nafasi iko wazi! Huku nyanda za juu haponyi watu ila aliyepigwa na radi akaamka. Benita Chambi, mjane, anadai ilimpata shambani kwake. Mimi ni mwalimu mstaafu. Habishi hodi mtu kwangu. Nina mbwa tu, Tunku. Mganga hali chakula peke yake. Lazima niwe mimi.
Mbinu: bomba la plastiki, poncho, vazi langu la kujitanda, la sufu ya mnyama lama. Ukisugua, elektroni huhama kutoka kwenye sufu kwenda kwenye plastiki. Plastiki hupata chaji hasi, sufu hubaki na chanya. Zikipata njia ya kukutana, cheche! Wanakijiji wote niliwafundisha haya. Kwa bahati, hawakunisikiliza.

Alhamisi, 6 Novemba
Mkutano. Viatu vya mpira, ili chaji isikimbilie ardhini. Nikasugua kwa siri, nikatangaza kwamba radi imo mwilini mwangu, nikamgusa mkuu wa kijiji puani. Paa! Akaruka kama mbuzi. Ushindi!
Benita akaniomba nirudie karibu na chungu chake cha supu ya viazi. Mvuke. Unyevu huiba chaji. Hakuna cheche. Akauliza, “Vipi, mwalimu, radi yako inaogopa viazi?” Wakacheka hadi machozi.

Jumapili, 9 Novemba
Dhoruba. Nikaunguza pindo la poncho, nikajilaza uwandani ili waniokote. Tunku akang'ang'ania kunifuata. Mawinguni chembe za barafu hugongana na kusuguana, chaji hutengana, kama bomba na poncho. Nilikuwa nikimweleza hayo ilipopiga kweli.
Umeme husambaa ardhini: huingia mguu huu, hutokea ule. Mnyama wa miguu minne, nyayo zimeachana mbali, hupitiwa na mwingi zaidi. Tunku akafa papo hapo, hakulia hata kidogo.
Miguu yangu ikafa ganzi. Nikapiga mayowe. Benita na mkuu wakaja mbio, wakaniona, wakajifunika nyuso, wakanipa mgongo. Mila: ukimtazama aliyepigwa, haamki. Nikapaza sauti kwamba nimeshaamka! Mkuu akasema, “Hiyo ni radi inasema kwa kinywa chake. Twende, mama.” Wakaenda. Mvua ya mawe ikaja.

Jumatano, 12 Novemba
Zahanati. Niliokotwa kulipokucha. Wamenikata vidole vya mguu; baridi iliviua. Nikamuuliza mkuu kama sasa mimi ndiye mganga. Akajibu kwa upole kwamba wameshatupa majani ya koka, ramli ya huku, kuuliza. “Pole, mwalimu. Radi ilikupita. Ilimtaka mbwa.”
Kaburi la Tunku limezungushiwa mawe. Watu wanampelekea maua na pombe. Benita ndiye mlinzi wa kaburi, na ndiye mganga.

Jumapili, 16 Novemba
Nyumba kimya. Bakuli la Tunku bado liko mlangoni.
Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa urefu wa miguu ya Tunku. Benita amenipa mtoto wa mbwa: mfupi, nyayo zimekaribiana. Nimemweleza kila kitu, naye amenisikiliza kuliko darasa lolote. Upande wa magharibi kumetanda mawingu ya dhoruba. Natafuta mkongojo na poncho.