Mvinyo wa Mheshimiwa Kiplangat

Mambo ya Kang'ethe yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, siku ambayo yeye aliiita ya baraka. Asubuhi hiyo, katika hoteli moja mjini Nakuru, alimsikia Mheshimiwa Kiplangat, bosi wa ofisi moja ya ardhi, akimlilia mhudumu: wakubwa wenzake wa Nairobi wana mvinyo mwekundu wa Ufaransa umelala chini ya nyumba zao, naye chini ya nyumba yake ya Subukia, ile aliyoiacha mzungu, ana viazi.

Mtumishi wa umma kukosa mvinyo. Kweli nchi imeoza.

Kang'ethe alikuwa amefika miaka hamsini bila kumiliki hata shimo la choo. Alichokuwa nacho ni chupa za Kifaransa alizookota nyuma ya hoteli za Naivasha, akazijaza mvinyo wa katoni na chai ya rangi kidogo ya kuongeza umri. Zilikuwa zikingoja mjinga mwenye cheo.

Akajitambulisha kama muuza mvinyo, na alasiri wakashuka pamoja na chupa zake chini ya nyumba ya Subukia, viazi vikasukumwa kando.

"Zungusha glasi kwanza, mzee. Usibugie kama maziwa ya mursik. Nusa."

Kiplangat alinusa. "Nasikia zizi la ng'ombe."

"Hapo umefika. Hilo zizi ndilo linalolipiwa."

"Na hizi zingine?"

"Zilale kwa ubavu, gizani, miaka kumi. Ukifungua mapema ni kama kuchuma kahawa mbichi."

"Miaka kumi? Jumamosi nina wageni wanaojua mvinyo. Nitawafungulia."

Kang'ethe alihesabu siku: nne tu. Ikawa lazima alipwe upesi.

"Pesa taslimu sina," alisema Kiplangat wakiwa nje, ameegemea gari la serikali. "Serikali inatubana. Lakini nina ploti Karagita, kando ya ziwa la Naivasha, vyumba sita, upepo wa ziwa." Akamwonyesha picha kwa simu.

"Wapangaji wanasumbua?"

"Ni vibarua wa mashamba ya maua, watulivu. Tangu mwaka jana sijasikia lalamiko hata moja."

Hati ya ardhi, wewe mwananchi, utaingoja mpaka wajukuu wachoke. Hii ilihamishwa kwa siku mbili tu, muhuri na tabasamu juu.

Jumamosi Kang'ethe alipanda boda boda hadi Karagita, mwenye nyumba mpya, shati limepigwa pasi. Barabara ilipoingia majini, mwendeshaji akazima pikipiki.

"Tumefika, boss."

"Vyumba viko wapi?"

Mwendeshaji alinyoosha kidole. Mbali ziwani, ncha za mabati zilikuwa zikichungulia. "Watu walihama maji yalipopanda. Sasa anakaa kiboko. Kodi jaribu kumdai."

Simu ikalia. Alikuwa Kiplangat.

"Wageni wangu wamekunywa. Wananiuliza ni nani amewapikia chai. Wewe mwizi, naenda polisi."

"Nenda, mzee. Mimi niko hapa kwa ploti yako, viatu vimelowa. Nami naenda polisi."

 Hakuna aliyekata simu.

"Sasa, mzee, ni nani ataandikisha taarifa kwanza?"