Udongo Safi wa Kulinganishia

Jumatatu, 3 Machi

Daftari jipya. Nimeanza kuandika kwa sababu mtu akishakuwa mashuhuri huulizwa mambo, na mimi husahau. Utafiti wetu wa udongo unakaribia kwisha. Kile kiwanja cha karakana ya zamani ya betri, ambacho hata magugu yalikikimbia, sasa kina alizeti zinazonifika kifuani. Mizizi inavuta madini ya risasi kutoka ardhini, na unga wa mifupa tuliomwaga unaifunga risasi inayobaki isitembee. Wazo langu. Desimali anasema ni letu. Desimali ni mwenzangu wa maabara. Jina hilo nimempa mimi, maana hata sukari ya chai anaisawazisha kijikoni kwa rula.

Kimebaki kitu kimoja tu, udongo safi wa kulinganishia. Mkuu wa maabara aliagiza uchukuliwe kilimani, mbali na watu na magari. Kilima chenyewe ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na jua la wiki iliyopita halikuwa na huruma. Nikachota kilo mbili kwenye bustani ya dada yangu. Nikanywa na chai. Kwenye fomu nikaandika "kilimani", nikatia sahihi. Penye nia pana njia, na yangu huwa fupi.

Jumanne, 4 Machi

Majibu ya mashine. Kiwanja cha karakana, miligramu 410 za risasi kwa kila kilo ya udongo. Udongo safi, 1,340. Safi umeushinda mchafu mara tatu! Desimali alinitazama, nikajua ni yeye. Amechezea sampuli. Nilimwambia mkuu kwamba humu ndani kuna watu wenye kijicho. Akasema basi nipime upya mimi mwenyewe, na mwenye kijicho akae mbali na meza.

Jumatano, 5 Machi

Nimepima mwenyewe. Vyombo nimeviosha kwa asidi mara tatu. 1,352.

Nilikaa kwenye kile kiti kibovu cha kona, ndipo nikamkumbuka baba. Marehemu baba alikuwa akipasua betri za magari nyuma ya nyumba, anayeyusha risasi yake kwenye sufuria juu ya mkaa, anamimina mawe ya mizani. Mimi ndiye niliyekuwa nikipepea moto. Tulikohoa, tukaona ndiyo kazi. Hapo hapo dada amelima mboga. Hapo hapo mpwa wangu, binti wa miaka mitano, anafinyanga keki za udongo na kuzilamba aone kama zimeiva. Siku hizi tumbo linamuuma kila mara, na mwalimu wake analalamika kwamba herufi anazozijua leo, kesho hazijui. Nilikuwa nikimtania kwamba amerithi akili za mjomba wake.

Lazima niseme. Lakini nikisema bustani ya dada ina sumu, nitaulizwa nimejuaje, na fomu ina sahihi yangu. Kazi itaota mbawa. Kwa hiyo itabidi nimwokoe mtoto bila mtu yeyote kujua kwamba anaokolewa.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa kwanza. Nilimwambia dada bustani imeingiliwa na wadudu wabaya, ang'oe mboga zote leo leo. Alicheka. Akasema miaka yote aliyolima pale hajaona mdudu, hata nyungunyungu. Mimi najua kwa nini hawapo.

Akapakua chakula, na mboga za bustani rundo zima. Nikasema nimeshiba. Akasema mtu mzima hashibi hewa. Nikaisukuma sahani pembeni. Mpwa akauliza kama anaweza kula zangu, maana chakula hakitupwi. Dada akaniambia nimwachie, kwamba leo angalau ana hamu. Akala zake, akala na zangu.

Nilikuwa namtazama. Sikusema kitu. Sentensi hii nimeikata mara mbili na kuiandika tena.

Jumapili, 9 Machi

Mpango wa pili. Nimekwenda kilimani! Mkokoteni wa kuazima, magunia manne ya udongo mwekundu, mgongo si wangu tena. Nilimdanganya dada kwamba ni mbolea ya kazini, nikaanza kuitandaza juu ya bustani. Alifurahi mpaka nikaona haya. Akamwambia jirani kwamba mdogo wake, pamoja na kasoro zake, ana moyo.

Sijamaliza hata nusu, mpwa alishachimba kwa kijiko mpaka chini, akarudi na keki nyeusi mkononi. Akanieleza kwa upole kwamba ule mwekundu haushikani.

Chakula kikaja. Nikasema daktari amenikataza mboga.

Jumanne, 11 Machi

Mpango wa tatu. Nimemwomba dada nimtembeze mtoto akaone alizeti. Nikampeleka zahanati. Muuguzi akasema hawezi kumtoa mtoto damu bila mama yake, halafu akauliza kwa nini nashuku risasi na si minyoo. Nikasema ni hisia tu. Akaweka kalamu chini. Akauliza kama kuna jambo nyumbani ninalolijua. Mpwa akadakia, akamwambia kwa fahari kwamba mjomba wake hali mboga siku hizi.

Nikamshika mkono tukatoka. Njiani aliniuliza kama tumbo langu pia linauma. Nikasema ndiyo. Akanipa pole.

Ijumaa, 14 Machi

Desimali kanibana stoo. Ameona tope jekundu kwenye viatu vyangu tangu Jumatatu. Nikasema nilikwenda kilimani. Akasema vizuri, basi udongo wa kilimani ni mwekundu, na ile sampuli ya kilimani mbona ni nyeusi kama masizi. Akasema fomu haimhusu, ila kama kuna mtu anaishi juu ya udongo ule, kila siku inayopita inamla. Akaniuliza taratibu ni kwa nani.

Nikamwambia niliuokota kando ya barabara. Alitikisa kichwa tu, akaondoka. Nimemweza.

Jumamosi, 15 Machi

Sikumweza. Nilimkuta ameketi sebuleni kwa dada, kofia magotini. Mwaka jana, kwa kujisifu, nilimpelekea fungu la mboga za dada, na mizizi yake ilikuwa na udongo mweusi. Desimali hasahau kitu. Alikuwa ameshamweleza kila jambo.

Dada hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza nimejua tangu lini. Nikasema tangu Jumatano ile ya tarehe tano. Akahesabu kwa vidole mpaka vikaisha mikono yote miwili. Kisha akasema, mdogo wangu, siku zote hizo wewe ulikuwa unasukuma sahani. Akaingia ndani, akarudisha mlango polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Nililia pale barazani mbele ya majirani. Desimali akanipa leso yake, imekunjwa pembe nne sawasawa. Sijawahi kumchukia mtu namna ile.

Jumatano, 19 Machi

Majibu ya damu. Ya dada ni mbaya, ya mtoto ni mbaya mara tatu yake. Daktari amesema dawa ipo, na maumivu ya tumbo yatapungua, mradi asiguse tena ule udongo wala kilichoota humo. Dada akauliza kuhusu herufi. Daktari akasema hilo hawezi kuahidi. Yaliyoshaharibika kichwani hayarudi kirahisi.

Wamehamia chumbani kwangu. Mimi nalala sakafuni. Dada anasema nami kupitia mtoto: mwambie mjomba wako asogee, mwambie mjomba wako chai iko tayari. Mtoto anafikisha salamu zote, hata zile ninazozisikia mwenyewe, na wakati mwingine anasahau nusu yake. Hapo dada anatazama dirishani.

Kazi sijafukuzwa. Desimali kanitetea, sijui anatafuta nini. Bustani itafukuliwa na kutibiwa, lakini kwanza utafiti ukamilike, na mkuu ataka udongo safi wa kweli ifikapo Jumatatu. Amenipa mimi kazi hiyo, ili nijirekebishe. Nimeapa kwa kaburi la baba.

Jumapili, 23 Machi

Nilitoka asubuhi na mapema, mfuko begani, moyo mweupe. Nusu ya njia mvua ikanishukia. Nikajibanza kwa shangazi, dada yake marehemu baba, ambaye sikuwa nimemwona tangu matanga. Akanipa chai na kitambaa cha kujifutia. Akaniuliza habari za mtoto, akalia, nami nikalia.

Nyuma ya nyumba ana kibustani. Udongo mweusi, mboga zinang'aa kwa mvua. Akasema udongo ule wote aliletewa na baba, mkokoteni kwa mkokoteni, kutoka kule kwake nyuma ya nyumba, mwaka ule shangazi alipohamia hapa penye mawe matupu. Nilishikwa na uchungu. Baba alikuwa na mkono wa kutoa.

Mvua haikukatika. Na pale kwa shangazi pako mbali na barabara, hapana karakana, hapana moshi. Nikachota kilo mbili. Safari hii sikufanya kijinga. Nimesaga kipande cha tofali nikachanganya mpaka udongo ukawa mwekundu, Desimali akose la kusema. Kwenye fomu nimeandika "kilimani".

Shangazi alinifungia na fungu la mboga za mgonjwa. Dada aliuliza zimetoka wapi. Aliniuliza mimi mwenyewe, si kupitia mtoto, mara ya kwanza baada ya siku nane. Nikasema kwa shangazi. Akasema mboga za shangazi hazina wasiwasi, akazipika.

Tumekula pamoja, watatu, sahani kwenye mkeka. Mimi sikuisukuma yangu. Dada aliliona hilo, akashusha pumzi. Mpwa akamaliza zake, akaitazama sahani yangu. Nikampa na zangu.