Vitenzi Ndani ya Bitana

Jumatatu, 3 Machi
Simu kutoka kwa mwanangu aliyeko Uswidi. Mjukuu wangu, miaka mitano, anakuja Juni kukaa mwezi mzima. Anajua Kiswidi tu. Atalala kwa nani? Mwanangu kasema kwa yule atakayeelewana naye. Jumapili watapiga simu ya video, mtoto atupime wote wawili: mimi na mkwe mwenzangu, mama wa mke wa mwanangu. Mkunga mstaafu. Kazalisha nusu ya mtaa na anakumbuka majina yote. Mimi ni fundi cherehani. Jana nilitafuta miwani saa nzima nikiwa nimeivaa.

Jumanne, 4 Machi
Darasa la Kiswidi, juu ya duka la madaftari; mkunga naye kajiandikisha. Mwalimu wetu ni fundi lifti aliyeishi Uswidi miaka kumi. Vitenzi vya watu hawa vina visa! Kitenzi lazima kikae nafasi ya pili. Ukianza na "leo", basi ni "leo nashona mimi". Tena kuna vitenzi vyenye mkia: tycka ni kuwa na maoni, ukikitia om nyuma kinakuwa kupenda. Niliuliza kwa nini hawakutafuta neno jingine. Mwalimu akajibu kwamba yeye hakushirikishwa. Mkunga akatunga sentensi tatu bila hata kukohoa, kisha akaniomba daftari langu anakili. Nikasema nimelisahau nyumbani. Nilikuwa nimelikalia.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata mpango. Kila nguo kwangu ina kikaratasi cha vipimo, kimebanwa kwa pini ndani ya bitana. Nani husoma vipimo vya mwenzake? Nimeandika vitenzi arobaini na mikia yake, pamoja na sentensi za kumwambia mjukuu, nikavibana vyote ndani ya gauni la buluu lililovikwa sanamu. Nafunua, nasoma. Mkunga akipita, nafunika. Kikaratasi cha mwenye gauni nimekitoa ili nafasi itoshe. Akili ni nywele, na upara wangu mimi ni wa nje tu.

Alhamisi, 6 Machi
Vitenzi kumi na viwili vimeingia. Tarishi alikuja kujaribu suruali, akanikuta nasema peke yangu, akauliza kama nimeshapima presha. Mifuko yake yote nimeishona ikaziba.

Ijumaa, 7 Machi
Sanamu liko uchi! Mke wangu kasema mwenye gauni alikuja, akalichukua. Mwenyewe nani? Mkunga. Mke wangu alikitambua kitambaa. Mimi niliyekikata, nikakishona, sikukumbuka ni cha nani. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Jioni mkunga kapiga simu kunishukuru. Hakujua kwamba nina moyo mkubwa namna hii. Ameshashika vitenzi thelathini na tano. Nikasema karibu, kisha nikashindwa kula.

Jumapili, 9 Machi
Sebuleni kwa mkunga. Alitangulia yeye, ndani ya gauni la buluu. Sentensi zangu zote, moja baada ya nyingine, kila mkia mahali pake. Mtoto akamjibu kwa adabu, kama mtu aliye mbele ya daktari.

Zamu yangu. Kichwa kitupu. Nikasema leo mimi nashona. Mtoto akakataa, akanisahihisha. Nikarudia, nikakosea mahali pengine. Akacheka hadi akashuka kwenye kiti, akapanda tena, akaninyooshea kidole: en gång till, yaani mara moja tena. Alinifundisha dakika ishirini. Nilifurahi mno, machozi yakanilenga, nikasingizia vumbi.

Alipoulizwa atalala kwa nani, alisema kwa babu. Mwanangu akatufasiria sababu: babu hajui kitu, anahitaji mwalimu.

Mkunga akanipa mkono, akasema atakuwa anapita kila mchana kututafsiria. Nikamwambia asijisumbue. Kisha nikawatangazia wote kwamba nilikosea makusudi, na kwamba mpango ulikuwa huo tangu Jumatatu. Mke wangu akakumbuka ghafla kwamba ana kitu jikoni, na jiko lenyewe la watu.

Kesho namwandikia mwalimu barua ya kuacha darasa. Nikiendelea kusoma hivi, naweza kukijua Kiswidi kabla ya Juni, nikaharibu kila kitu.