Mgeni wa Heshima wa Agua Amarga

Jumatatu, 5 Juni 1967. Ensenada
Bwana Dempster, muuza pikipiki wa San Diego, ametoa neno. Ana pikipiki moja mpya kwa ajili ya mashindano ya Novemba, yale ya kuteremka rasi nzima mpaka La Paz. Mpandaji atatoka kwetu: ama mimi, ama Fidencio Arballo, mchomelea vyuma wa mtaa wa pili. Tutaondoka pamoja Ijumaa alfajiri, kila mtu na chombo chake. Atakayetangulia kupiga telegramu kutoka La Paz, pikipiki ni yake.

Mke wangu Amparo alinisikiliza huku anakunja nguo. Akasema sawa, Wenceslao, lakini hii ndiyo ya mwisho. Nikishindwa, naingia kiwanda cha samaki cha baba yake, meza ya kupasua dagaa. Mimi, mwenye miaka thelathini na tisa, nitoe matumbo ya samaki mbele ya macho ya mkwe wangu, Don Hilario! Sikula chakula cha jioni.

Jumanne, 6 Juni
Nimempeleleza Fidencio. Kijana, mgongo mzima, na pikipiki isiyovuja mafuta. Yangu inavuja hata ikiwa imezimwa. Kwa mbio za haki sina changu. Basi zisiwe za haki.

Nimepata! Huko chini hakuna apitaye ranchi bila kushuka, kunywa kahawa na kutoa habari. Apitaye moja kwa moja husemwa mpaka wajukuu. Nimemwahi Don Lencho Liera, anayeteremsha unga kwa lori, kabla hajawasha injini. Nimemwomba aeneze habari kila ranchi: anakuja mpanda pikipiki, Fidencio Arballo, mtu mkubwa, ambaye ameweka nadhiri kwa Bikira kusimamia ubatizo wa mtoto yeyote atakayemkuta njiani. Wachinje mbuzi. Halafu nikaongeza jambo la akili. Jamaa huyu ana haya sana. Atakataa, atasema ana haraka, huenda hata akakana jina. Wasimsikilize.

Don Lencho aliguswa. Alisema hakujua Fidencio ni mcha Mungu kiasi hicho. Nikamwambia hata mimi nilishangaa.

Ijumaa, 9 Juni. Kusini ya El Rosario
Siku njema kuliko zote maishani mwangu. Fidencio alipiga jiwe mapema, gurudumu la mbele likapinda. Nilimpita amechuchumaa anagonga spoku. Nikampungia mkono. Kwa upole, nadhani.

Vumbi la hapa ni laini kama unga, linaingia mpaka kwenye meno. Nyuso hazitambulikani. Mabega yanauma, mafuta yanavuja, lakini niko mbele. Dagaa kwaherini.

Jumamosi, 10 Juni. Ranchi ya Agua Amarga
Nimekwisha.

Niliingia hapa kutafuta petroli. Watu wote walikuwa uani wamevaa nguo za kanisani. Don Eusebio, mwenye ranchi, alinikumbatia na vumbi langu lote na kuniita Don Fidencio. Nikasema mimi si Fidencio. Wakatazamana, wakatabasamu. Mkewe, Doña Refugio, akajifuta machozi, akasema ndivyo walivyoambiwa, hata jina atakana. Nikasema nina haraka. Wakatabasamu zaidi. Nikawaeleza kwamba wapanda pikipiki tuko wawili na Fidencio yuko nyuma. Bibi mmoja alisema hajapata kuona unyenyekevu wa namna hii tangu azaliwe.

Kumbe njia nzima mtoto asiyebatizwa yuko hapa tu. Na Don Lencho alitangaza mpanda pikipiki mmoja tu. Mimi ndiye niliyesahau kumwambia tuko wawili.

Pipa la petroli lipo. Lakini petroli ya pipa lazima ichujwe kwa ngozi laini, la sivyo kutu na mchanga vinaua injini, na ngozi iko mfukoni mwa Don Eusebio. Nilimwomba mara ngapi sijui. Kila mara jibu ni lile lile: "Kula kwanza, mwanangu. Petroli haikimbii." Nimekula mbuzi. Nimekula mbuzi tena. Nikauliza huyo mtoto yuko wapi, nimsimamie niende zangu. Padri yuko njiani, wakasema. Anakuja amepanda nyumbu.

Jumapili, 11 Juni. Bado Agua Amarga
Padri Blas alifika asubuhi, akataka kahawa kwanza. Kisha akataka kuungamisha ranchi nzima. Mimi pia. Nilimweleza kila kitu, kuanzia lori la Don Lencho. Akaniambia nisijisingizie dhambi ili kukwepa sifa, kwani nayo ni dhambi.

Tulikuwa katikati ya ubatizo, mtoto mikononi mwangu, niliposikia injini. Nikaijua. Haivuji, hata mlio wake ni mkavu. Fidencio alisimama getini, akavua kofia, akaomba radhi na petroli. Alisema kwa adabu kwamba angeshuka anywe kahawa. Doña Refugio akamjibu, "Pita tu, kijana, leo tuna mgeni mkubwa." Petroli ilikwishachujwa. Ile yangu! Wakamjazia bila hata yeye kuzima injini.

Nikapiga kelele. Padri akadhani nimejibu swali lake la ubatizo, akamwaga maji. Mtoto ameitwa Fidencio.

Nililia waziwazi. Don Eusebio alilia pamoja nami, akaniita kompadre, yaani ndugu yake kwa ubatizo. Yule mdogo alinishika kidole hakukiachia, na kwa dakika moja nilitamani kweli niwe huyo mtu wanayemdhania.

Jumanne, 13 Juni. La Paz
Karani wa telegramu aliniuliza kama nimeshindana na Arballo au nimemfuata kwa miguu. Fidencio alikuwa hapo, ametoka kuoga. Hakucheka. Alisema ameona kwa macho yake, kule Agua Amarga, nimeacha mbio kwa ajili ya mtoto wa watu, na kwamba yeye asingekuwa na moyo huo. Nilitaka kufa palepale.

Nimempigia Amparo telegramu ndefu ya maelezo. Jibu limekuja kabla ya jioni: "Aproni iko tayari."

Jumatatu, 19 Juni. Ensenada
Siku ya kwanza kiwandani. Nanuka mpaka paka wa jirani wamenisindikiza nyumbani. Don Hilario alipita mezani kwangu mara mbili, akawahesabu dagaa wangu kwa kidole, na hilo ni baya kuliko matusi.

Lakini nimeona kitu. Kuna kazi moja ya kukaa: kuhesabu makopo ghalani, kivulini, kwenye kiti. Inasemekana atapewa Nicasio Verdugo, wa meza ya mbele. Haiwezekani. Kwa hiyo nimemnong'oneza mleta barafu, ambaye mdomo wake haufungwi, amwambie msimamizi kwamba Verdugo anatamani sana zamu ya usiku kwenye pipa la vichwa vya samaki. Ameweka nadhiri. Ana haya tu, atakataa, huenda hata akakana jina lake. Wasimsikilize.

Safari hii hakuna kitakachoharibika. Msimamizi mwenyewe ni mgeni, ameanza leo kama mimi, na sisi wa mezani hatuwezi kutofautishwa: aproni moja, kofia moja, magamba mpaka machoni.