Fortran ya Adelina na Lambo la Choma

Jumatatu, 23 Septemba 2024
Mhandisi Ngollo, mkuu wa ofisi yetu hapa Kitete, anataka programu ya kukokotoa namna mafuriko yatakavyopita kwenye lambo jipya la Choma. Tuta likikatika, ng'ombe na mashamba kwaheri. Iandikwe kwa lugha gani ya kompyuta? Mimi na mwenzangu Adelina tushindane. Atakayeshinda ataongoza kazi. Adelina kataja Fortran. Fortran! Lugha iliyomzidi mama yangu umri! Mimi Python, lugha ya kisasa.

Jumanne, 24 Septemba
Saa sita mchana nimemaliza kuandika. Adelina hajafika hata nusu. Nimempa pole, kwa sauti, ofisi nzima isikie. Nimewasha programu.

Jumatano, 25 Septemba
Bado inakokotoa! Ya Adelina imemaliza kwa dakika nne. Kaniambia kwa upole kuwa kosa si la Python: niache kupitisha namba moja moja, nitumie maktaba zake, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari, zinazokokotoa safu nzima ya namba kwa mkupuo. Nimemjibu najua. Sikujua.

Alhamisi, 26 Septemba
Usiku nimezitumia maktaba hizo kwa siri, na yangu imemaliza. Nimemnong'oneza Mhandisi kwamba jibu la dakika nne ni la kubahatisha. Kumbe akaagiza tupimwe wote, kwa kukokotoa mafuriko ya mwaka jana! Akampigia simu Mzee Jilala, mfugaji wa Choma, aliyeweka alama kwenye nguzo ya zizi lake pale maji ya mafuriko hayo yalipofika. Adelina kakosea kwa upana wa kiganja. Maji yangu yamefunika zizi, shule na mnara wa simu. Nilichanganya sentimita na mita. Mzee alikuwa anasikia yote kwenye spika. Akaniuliza, "Mwanangu, na sisi tulikufa?"

Ijumaa, 27 Septemba
Fortran imepita. Hesabu za Adelina zimeonyesha njia ya kutolea maji ya ziada ni nyembamba. Itapanuliwa kabla ya mvua. Mimi nimepewa kuchora grafu, kwa Python. Adelina kasema kila lugha ina kazi yake. Huruma ya namna hii inaudhi kuliko matusi.

Jumamosi, 28 Septemba
Nimegundua tatizo. Si mimi, ni lugha! Kuna nyingine mpya, Julia: wanasema nyepesi kama Python, kasi kama Fortran. Nimesoma ukurasa mmoja na nusu. Nimeshamwandikia Mhandisi kwamba nina uzoefu nayo wa miaka mitano, na kwamba Jumatatu naifuta programu ya Adelina niiandike upya. Adelina sijamwambia. Atafurahi.