Ubao wa Kipimo

Redio ya mgahawani kwa Loretta haijamaliza kusema, Goti keshagonga meza.

"Wamesemaje? Koleo linabaki Lacey Mills?"

"Linabaki, tusipopeleka kipimo cha theluji kabla ya adhuhuri," nikasema. "Sisi wa Redfern hatujapeleka chochote. Tukikaa kimya, tumehesabiwa sifuri."

Wote tukageukia dirishani. Theluji ilikuwa imeyameza magari yetu. La kwangu nililitambua kwa waya wa redio tu.

"Hiyo sifuri ndiyo imenivunja mgongo tangu alfajiri?" akauliza Goti. Tunamwita hivyo kwa sababu goti lake la kushoto hutabiri hali ya hewa, naye hulisikiliza kuliko anavyomsikiliza mkewe. "Jana goti lilisema itashuka hapa hapa. Mkanicheka."

"Goti lako lilisema hivyo hivyo mwezi wa saba," akajibu Rada, mama aliyeendesha basi la shule mpaka akastaafu, sasa anashinda na ramani za dhoruba kwenye simu.

"Mwezi wa saba lilikuwa linazungumzia jana."

Rada akachovya donati yake.

Nimezunguka miji mingi, lakini sijaona watu wanaoiombea theluji kama hawa wa kando ya Ziwa Ontario. Koleo lenyewe ni la mbao, mpini umepasuka. Kila majira ya baridi huenda kwa kijiji kilichopata theluji nyingi zaidi kati ya viwili hivi, chetu cha Redfern na Lacey Mills, na Lacey Mills wamekaa nalo mpaka wamelijengea kabati la kioo. Mwaka huu tulikuwa nao bega kwa bega. Ilibaki dhoruba hii moja. Na kwa sheria, theluji isiyolala kwenye ubao mweupe wa mpimaji haikuanguka. Mpimaji wetu ni Kipimo, ubao uko uani kwake.

"Kwani Kipimo yuko wapi?" akauliza Goti.

"Lacey Mills," akasema Rada.

"Kwa maadui? Kufanya nini?"

"Kuifukuzia dhoruba. Jana mkanda wa mawingu ya theluji ulikuwa umewalalia wao kama blanketi. Akasema haki ya Mungu hatakubali imwagike huko bila yeye kuiona. Akabeba kamera na chupa ya kahawa, huyo."

"Halafu?"

"Halafu upepo ukageuka. Mkanda ukahamia kwetu, barabara ikafungwa. Kalala ndani ya gari, juu kuna nyota tupu."

"Usiache mbachao kwa msala upitao," akasema Goti, uso mkavu.

"Lakini theluji si ipo ubaoni?" nikasema. "Barabara imefunguliwa. Akifika atapima."

Loretta mwenyewe akaacha kufuta kaunta. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, lile koleo lilinukia kwetu.

Mlango ukafunguka. Kipimo aliingia, theluji mpaka kiunoni, rula mkononi. Akakaa, akaiweka mezani kama mtu anayerudisha silaha.

"Umepima?" akauliza Rada.

"Nimepima."

"Ngapi?"

"Sifuri."

"Bwana wee, acha utani!" Goti akainuka nusu. "Mbwa wangu kapotea ndani ya hiyo sifuri!"

"Mnajua miaka yote nimekaa hapa nikilalamika," akasema Kipimo taratibu, "kwamba mke wangu Darlene hajawahi kushika koleo hata siku moja."

Tulijua. Hata redio ilijua.

"Jana usiku akanionea huruma. Mzee anarudi amechoka, akasema. Akazoa theluji njiani. Akazoa mlangoni. Akamaliza uani."

"Na ubao?" akanong'ona Rada.

"Unang'aa. Kaumwagia na chumvi, nisije nikateleza."

Loretta akammiminia kahawa. Hakudai pesa, na kwa Loretta hiyo ni rambirambi.

"Sasa ukamwambia nini?" nikauliza.

Kipimo akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

"Alikuwa amesimama pale, pua nyekundu, koleo mkononi, anacheka kama bibi harusi. Nikamwambia asante."

Redioni wakaanza kumpongeza mwenyekiti wa Lacey Mills. Goti akavaa koti lake.

"Unakwenda wapi, mzee?" nikamwuliza.

"Kumchimbulia mke wangu gari," akasema, "kabla naye hajaanza kunipenda."