Msiba wa Duka la Mzee Mdoe

Jumatatu, 3 Februari 2025

Balaa! Mzee Mdoe anafunga duka la baiskeli mwisho wa mwezi. Katamka hivyo huku anapaka mnyororo grisi, kama mtu anayetaja bei ya spoku. Anahamia Mazingara kwa bintiye Stefania, akalime mahindi. Ati magoti yamechoka, na Old Korogwe yote sasa inapanda bodaboda.

Nimemwambia haiwezekani. Benchi la pale dukani nimelikalia tangu nimalize darasa la saba. Pale watu huniuliza mambo. Nyumbani haniulizi mtu kitu. Mzee kaniuliza mara ya mwisho nilinunua nini. Swali gani hilo! Nilinunua mpira wa valvu. Mwaka sikumbuki.

Duka nitaliokoa mwenyewe.

Jumanne, 4 Februari

Mpango wa kwanza. Nimepita mtaa kwa mtaa nikihimiza kila mwenye baiskeli aende dukani leo, mzee aone biashara bado ipo. Wamekuja! Foleni mpaka kwenye meza ya maandazi ya Mama Edna. Moyo wangu ukajaa.

Wote walitaka upepo. Upepo kwa Mzee Mdoe ni bure, toka zamani. Kapiga pampu mpaka jua linazama. Kisha kasema hangoji tena mwisho wa mwezi, anaondoka Jumamosi hii.

Mama Edna kanipa chai. Kasema nimejitahidi.

Alhamisi, 6 Februari

Mpango wa pili, mkubwa. Duka nimelifanyia msiba. Nani atathubutu kuondoka mtaa mzima unamlilia? Dada yangu Joyceline kasema kulilia kitu kizima ni uchuro. Sikumsikiliza. Nimetandika majamvi mbele ya duka.

Watu wamejaa. Mama Edna kalia machozi ya kweli. Marehemu mumewe alimchumbia akimpakia kwenye baiskeli ya duka hili. Hata mimi nikajifuta.

Ndipo akatokea Deogratius. Dereva wa bodaboda, adui wa baiskeli na wangu pia. Babu yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, na Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wazigua. Palipo na msiba, mtani ana haki zake. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa!

Kalala kifudifudi mlangoni. Kapaza sauti kwamba marehemu hatoki hapa mpaka yeye apewe chake, na kwamba Wazigua ni wavivu hata kulia. Mzee Mdoe kauliza mfiwa mkuu ni nani. Vidole vyote vikanielekea mimi. Basi Deogratius kainuka, kabeba benchi langu kichwani, kaondoka nalo. Nimepiga kelele. Watu wakanicheka zaidi, maana mtani hakasirikiwi.

Mzee Mdoe kacheka mpaka kashika mlango. Kasema hajacheka hivi tangu mkewe afariki. Nikajua nimeshinda. Nikamuuliza, basi unabaki? Kasema hapana, mwanangu Enock. Alikuwa na hofu ya kuondoka kimya kimya kama mwizi. Sasa duka limezikwa kwa heshima, na watani wamefika. Kilichozikwa hakifukuliwi.

Jumamosi, 8 Februari

Kaondoka na lori la mbao. Kaniachia pampu. Kasema upepo wa duka hili umenifaa mimi kuliko mtu yeyote, basi na pampu iwe yangu. Nilitaka kujibu kitu kizuri. Nikamwambia tu, shikamoo. Kaitikia marahaba, lori likatoka.

Nimekaa chini pale mlangoni mpaka mchana. Pagumu bila benchi.

Jumatatu, 10 Februari

Nimehamia kwa Mama Edna. Ana kigoda kizuri, na kivuli kinafika mapema. Asubuhi watu wawili wameniuliza habari za Mzee Mdoe. Nimewaeleza kwa kirefu.

Mchana Mama Edna kalalamika biashara imekuwa ngumu, watu wanakaa tu hawanunui. Anafikiria kuacha maandazi. Nimeshtuka! Nimemwambia asihofu, mimi nipo, na mpango ninao. Nimepita kwa Joyceline kuazima majamvi. Siri hii Deogratius asiipate kabisa. Nimemwambia mkewe tu.

Kisha nimerudi kwenye kigoda. Mama Edna kaniongezea chai.